Turbo ya Baba Mukwe na Huile ya Muzito

Mama Kanyere mupenzi, mushauri wetu wa redio, ninakusalimia na heshima yote na ninakuomba unishike mukono, juu pahali nimefika sijue tena kama niende mbele ao nirudi nyuma.

Jina yangu ni Néhémie, ninauzishaka vitenge hapa Bunia, ninaishi mu commune ya Mbunya, wazazi yangu balitoka Butembo wakati ningali mudogo. Niko na muchumba, Grâce, musichana wa hapa Ituri, famili yabo ni ya kufuga ng'ombe, na baba yake, muzee Dominique, alinikubali bila kunisumbua, dote, ile mahari, ilipita muzuri, ndoa iko karibu, na kusema kweli ningekuwa mutu wa furaha kupita bote mu muji kama haingekuwa gari.

Mama, ile gari ni ya course, ya mashindano ya mbio, nyekundu, ya milango mbili, ya miaka ya tisini, na iko na turbo, muzee aliinunuaka kule Aru wakati ng'ombe zilikuwa zinauzika muzuri, na vita ilipoanza akaiingiza mu nyumba ya ng'ombe, akaifunika na majani makavu mupaka juu, na batu ya bunduki balipita pale mara na mara, bakabeba ng'ombe, bakabeba hata masufuria, lakini gari habakuiona, ni kuku tu njo zilijua, juu zilikuwa zinatagia ku kiti ya nyuma. Kisha amani ikarudi, hii amani yetu ya kulala na jicho moja wazi, lakini muzee alikuwa angali anaogopa, gari ikabakia mu majani, na ni mwaka huu tu njo aliniita akasema: "Mukwe, ondoa ile majani. Grâce ataenda kanisani ndani ya ile gari, na weye njo utaiamusha."

Nikaita rafiki yangu Emery, mekanisie, fundi wa magari, akaosha reservoir ya essence, akabadilisha courroie, ule mukanda wa moteur, na mipira ya magurudumu, akasema sasa imebakia kubadilisha huile ya moteur, mafuta ya injini. Siku ile ile muzee akafika na bidon mukononi, huile quarante, namba makumi ine, muzito kama asali, ile anatiaka mu moteur ya moulin yake ya kusaga mahindi. Akasema: "Gari ya zamani ni kama muzee mwenzangu, inaomba kitu ya nguvu. Huile ya mwepesi ni ya magari ya batoto." Emery akangojea muzee aende, akanivuta pembeni: "Ndugu, ukitia ile, turbo itakufa. Hapa ni dix W quarante, kumi kwa makumi ine, synthétique, ya kutengenezwa mu fabrique, hakuna ingine."

Nikamwambia Emery atie yake. Bidon ya muzee nikaificha nyuma ya vitenge. Gari ikawaka, Mama, ikanguruma, majirani bakatoka inje bakapiga makofi, muzee akaingia nikamutembeza, turbo ikapiga firimbi, akacheka kama kijana, akanipiga ku bega: "Unaona huile yangu?" Na miye na mudomo yangu nikajibu: "Ndiyo, baba."

Njo kosa yangu ile, na sasa imezaa batoto. Muzee anaisifu ile huile kila fasi, ku soko ya ng'ombe, inje ya kanisa, mupaka rafiki yake Isidore, mwenye jeep ya turbo, naye anataka kuitia. Na ya mubaya kupita yote, muzee amesema mbele siku ya ndoa haijafika atakuja kumwanga ile iko ndani na kutia ingine quarante, na mukono yake mwenyewe, juu ya baraka. Nikisema kweli, atapata haya mbele ya batu, na anaweza kusema mukwe wake ni muongo. Nikinyamaza, gari inaweza kufia njiani na bibi-arusi ndani. Grâce ananiambia niseme. Emery ananiambia nitie huile yake ndani ya bidon ya muzee, muzee aimwange bila kujua, na mambo iishe. Mama, nifanye nini?

Néhémie, Mbunya

Mama Kanyere anajibu:

Néhémie mutoto yangu, nimecheka kwanza, unisamehe. Batu bamekimbia vita na magodoro ku kichwa, baba mukwe yako yeye akaponesha gari ya course na majani ya ng'ombe! Muzee kama huyu unamuogopa sababu gani? Sasa nimemaliza kucheka. Nisikilize.

Emery iko na haki juu ya moteur, na juu ya batu anapotea kabisa. Ile shauri yake ya kubadilisha huile mu bidon, iache leo. Ukidanganya mara ya pili, haitakuwa tena haya ya kijana aliyeshindwa kusema, utakuwa mwizi mu nyumba ya muzee.

Kwanza gari. Miye mwenyewe niko na camionnette ya turbo, ninaiendeshaka mupaka Niania, kwa hiyo usifikiri ninakuhadisia ya kusikia. Turbo ni gurudumu kadogo kanasukumwa na moshi ya moteur, kanazunguka mbio kupita moteur yenyewe, na ile chuma yake ya katikati inabebwa na huile tu. Asubuhi ya Bunia ni baridi, unajua. Quarante ya moulin inaamuka polepole, inapanda polepole, na wakati ungali unaingoja, turbo imekwisha kuzunguka ikiwa kavu. Inakula chuma. Njo maana ya ile W: namba ya mbele inaonyesha namna huile inatembea moteur ikiwa baridi, namba ya nyuma inaonyesha namna inashika moteur ikiwa moto. Soma vizuri, Néhémie: dix W quarante. Quarante ya muzee iko mule mule ndani! Hakukosa yote. Moteur ya zamani inaomba kweli huile yenye mwili wakati imepata moto, na hata miye sitaki uitie ile ya mwepesi sana ya magari ya sasa. Angalia kitabu ya gari inasema nini, kama ingali. Ukiona moteur inakunywa huile, ao inatosha moshi ya buluu, Emery ajaribu dix W cinquante, ile ya makumi tano.

Nunua bidon yenye mufuniko haijafunguliwa, kwa mutu unamujua, juu kuna batu banajaza bidon za zamani na maji ya shetani. Filtre, chujio ya huile, mubadilishe kila mara. Na ukifika ku mulango wa kanisa, usizime mara moja, hata kama baimbaji ba chorale banakuita: acha moteur izunguke kidogo, turbo ipoe, bila vile huile itaungua mule ndani.

Sasa muzee. Uende juma hii, mbele Isidore hajatia. Uende asubuhi, kwake nyumbani, bila Emery. Usianze na mambo ya huile, anza na mudomo yako: "Baba, nilikujibu ndiyo pahali pa hapana." Unasema ulikuwa unaogopa apate haya. Uongo mutupu! Ulikuwa unaogopa yako. Kisha chukua vikombe mbili, umwange huile mbili na ile baridi ya asubuhi, na unyamaze. Muzee iko na macho. Bidon yake umurudishie, kwa moulin ni huile ya sawa kabisa, umwambie vile. Na siku ya kutia, yeye njo atatia ile ya dix W quarante, na mukono yake, kama alivyosema. Isidore usimuguse, mudomo uliosifu njo utarekebisha. Haya, simama uende.

Miye Kanyere, ile jibu niliisoma ku redio, na sasa ndoa imekwisha kupita. Muzee Dominique alitia huile yeye mwenyewe, akaombea moteur kama mugonjwa, na Grâce alifika kanisani na turbo yake nzima. Juzi Néhémie alipita ku redio kunishukuru, akanielezea ile asubuhi alienda kwa muzee, na akanipatia ruhusa ya kuwaelezea na nyinyi.

Alisema yote. Akamwanga huile mu vikombe. Muzee akaangalia ya Emery ikikimbia kama maji ya muto, akaangalia yake ikishuka kama mutu asiyetaka kazi.

"Kwa hiyo," akasema, "nilikuwa ninasifu huile ya Emery mbele ya kanisa muzima?"

"Ndiyo, baba."

Muzee akatosha telefone mu mufuko. "Allô, Isidore? Usitie. Nimesema usitie. Hapana, usiniulize." Akaifunga, akaangalia mukwe wake. "Kuna kitu ingine unanifichaka mu hii nyumba?"

Mama ya Grâce, mama Godelive, alikuwa ameingia na kikombe ya maziwa ya kuganda, vile anafanyaka kila mara Néhémie anafika. Kijana akaangalia kikombe. Akaona siku ya kusema kweli ni ile.

"Baba, haya maziwa sijamaliza hata kikombe moja tangu munipokee. Mukigeuka, ninapatiaka imbwa."

Mama Godelive aliikala chini na kucheka mupaka machozi, akaenda kuweka chai ku moto. Muzee hakucheka. Aliangalia imbwa yake, namna imenenepa, akaangalia mukwe.

"Ya huile nimesamehe," akasema. "Ya maziwa, unipatie wakati."