Mpira Mwembamba, Usaha Mzito

Jumatatu, 3 Machi 2025
Hasira mpaka chai imenishinda! Mboje, mfugaji wa Lingeka, ana jipu kwenye ini. Nimeliona kwenye utrasaundi, nikalichoma sindano ya kupimia — usaha mzito kama uji wa ulezi. Huo unataka mpira mnene wa kuutolea nje, namba kumi na nne. Maganga wa stoo eti hakuna. Namba nane ipo boksi zima, muda wake unaisha Mei. Tuimalize kwanza ndipo aagize. Nikabishana kidogo, nikachoka. Nikamwekea nane. Nane ni ya maji, siyo ya usaha ule. Nilijua.

Jumanne, 4 Machi
Usaha robo kikombe, basi. Nimesukuma maji ya chumvi mara tatu kuuzibua mpira. Mboje akautazama, akanisalimu kwa Kisukuma: “Mwangaluka, dokta. Ng'ombe akivimba tumbo, sisi hatumtoboi kwa njiti ya kiberiti.” Mkewe Nyanjige akacheka. Mimi sikuweza. Mchunga ng'ombe anajua, stoo haijui!

Alhamisi, 6 Machi
Mpira umeziba kabisa. Homa 39.8. Mboje anaongea na ng'ombe wasiokuwepo.

Nimeingia stoo mwenyewe. Nyuma ya maboksi ya glovu — mipira miwili, namba kumi na nne! Maganga hata haya hakuona. Anaitunza kwa ajili ya wakaguzi, wakija wasikute saizi yoyote imeandikwa sifuri. Eti akiba haiozi. Ini la mtu linaoza! Nimeichukua yote miwili, anipeleke anakotaka.

Saa nane mchana
Naandika koridoni. Nimemweleza Nyanjige: tunautoa mwembamba, tunaweka mnene. Kabla ya kusaini lazima amuulize shemeji yake, Jilala, kaka mkubwa wa Mboje. Sawa, lakini haraka! Akaushika ule mnene, akaugeuza geuza. Akauliza taratibu kama Jumatatu haukuwepo.

Nikasema haukuwepo.

Sijui kwa nini. Ningeweza kumtaja Maganga. Lakini angeuliza kwa nini sikutafuta siku ile. Naona aibu, na mkono huu ndio wa kumchoma mumewe.

Simu imepatikana. Namsikia akimwambia Jilala kwa Kisukuma kwamba dokta amehangaika siku tatu kuutafuta mpira, wamshukuru Mungu. Ananipungia mkono, anataka nizungumze na Jilala. Muuguzi Felisita naye anaita mlangoni, presha ya Mboje inashuka —