Funga ya Rehema

Jumatatu, 28 Aprili
Nimefungua duka saa mbili. Mdalasini umefika, safari hii hauna vumbi. Rehema amepita kabla ya kwenda chuoni Kyambogo. Amenipangia mikebe ya iliki, amenicheka kwa miwani niliyokuwa nikiitafuta huku nimeivaa. Amefunga leo. Tangu amalize funga sita za Mfungo Mosi hakosi Jumatatu wala Alhamisi. Ana miaka ishirini, wala hakuambiwa na mtu! Jioni nimewaambia watoto ninaowafundisha madrasa: mwigeni dada yenu. Nimejivuna. Nakiri.

Alhamisi, 8 Mei
Mama Rehema anasema nguo zinamvuka mtoto. Amebana sketi mbili kwa cherehani. Nimemwambia ni mitihani. Akaendelea kushona. Mke wangu akinyamaza huwa ameona jambo.

Jumapili, 18 Mei
Rehema sasa anafunga na siku nyingine. Anasema analipa siku alizokula Ramadhani kwa sababu ya hedhi. Mama yake amenivuta chumbani. Siku zipi? Pedi alizomnunulia Februari ziko vilevile kabatini. Hajaona damu miezi mitatu.
Ametudanganya. Rehema, ambaye akiwa mdogo alikuwa akijishtaki mwenyewe akila sukari.

Jumanne, 27 Mei
Nimempeleka zahanati. Wamepima kila kitu. Mimba hana. Taifodi hana. Ukimwi hana. Hicho cha mwisho ndicho majirani walichokuwa wakinong'ona. Hapa mtu akikonda tu wameshamhukumu. Daktari kasema vidonda vya tumbo, katupa vidonge. Nimefurahi. Tumepata jina, tumepata dawa. Njiani kanishika mkono kama zamani. Mkono baridi, na jua lote lile.

Alhamisi, 5 Juni
Siku ya Arafa. Tumefunga nyumba nzima. Hakuna aliyefurahi kama yeye. Magharibi alikula tende moja, akanywa maji, akasimama kutuhudumia. Sahani yangu aliijaza mpaka pomoni. Yake sikuiona.

Ijumaa, 6 Juni
Idi. Leo kufunga ni haramu, na siku tatu zinazofuata. Amepika pilau tangu alfajiri, tamu kuliko ya mama yake (hili nitaliandika tu, sitalisema). Mezani akakata kipande kimoja cha nyama vipande kumi, akavizungusha.
"Kula, mwanangu."
"Nakula, Baba."
Baadaye mama yake alizikuta nyama kwenye mkono wa gauni, zimefungwa kwa karatasi. Nikafoka. Siku ya Idi, wageni sebuleni, nikamfokea mwanangu. Alisema "siwezi". Mimi nilisikia "sitaki".

Jumanne, 10 Juni
Ameanguka kwenye ngazi za chuo. Rafiki yake alinipigia simu. Nililiacha duka wazi, jirani ndiye aliyelifunga. Nilimtoa garini mwenyewe, nikamwingiza hospitali mikononi. Nina miaka hamsini na minane na goti bovu. Sikusikia uzito.
Nesi alihesabu mapigo, akahesabu tena. Arobaini na moja kwa dakika. Alipompandisha mkono wa nguo niliona vinyweleo vya malaika vimeota mkono mzima, laini, kama vya kichanga. Nywele za kichwani zimenibakia kiganjani. Nina hofu. Sijawahi kuwa na hofu ya namna hii.

Jumatano, 11 Juni
Leo ameletwa nesi wa magonjwa ya akili, Musawo Nakato, musawo ndiyo tabibu kwa Kiganda. Mama mnene, mpole. Kiswahili chake cha hapa hapa Kampala, lakini kila neno limeniingia.
"Mzee, hii si kiburi. Hii ni ugonjwa, iko na jina. Anoreksia."
Akanieleza: mtu anaogopa kunenepa kuliko anavyoogopa kufa. Akijitazama anaona mnene. Mwili ukikosa chakula unakula nyama yake wenyewe, na moyo nao ni nyama. Ndiyo maana mapigo yake ni machache. Mifupa inadhoofu. Hedhi inakatika. Watu wanakufa.
Nilimwambia nilidhani ni ugonjwa wa Wazungu. Alicheka bila kunidharau.
"Mimi naona Waganda, naona Wakenya, naona Wasomali. Wengi wanakuja na jina ya vidonda. Wengine wanapelekwa kuombewa."
Nikauliza ni wangapi mjini.
"Hakuna mtu amehesabu vizuri. Wale tunajua ni wale wameanguka."
Kisha Rehema akasema, macho yapo ukutani. Mwaka jana kwenye harusi binamu yake alimwambia amekuwa pipa. Akaacha chakula cha mchana. Halafu cha jioni. "Ramadhani nilipumzika. Hakuna aliyeniuliza. Halafu ukanisifu mbele ya watoto, Baba. Nikashindwa kuacha."
Nilitoka nje. Nililia karibu na mabomba ya kunawia, watu wanaona.

Alhamisi, 12 Juni
Hukumu ya mgonjwa katika funga nimeifundisha miaka thelathini. Nyumbani kwangu sikuitumia. Leo nimekaa kitandani kwake, nikasema: "Mgonjwa hafungi. Mola hataki ujidhuru. Kula kwako ndiyo ibada yako."
Alikasirika. "Umeninyang'anya kitu pekee ninachokiweza." Akageukia ukuta. Sikuondoka. Nilikaa mpaka mama yake alipokuja kunipokea.

Jumamosi, 28 Juni
Yuko nyumbani. Milo sita midogo, karatasi ya Musawo imebandikwa jikoni. Nusu kikombe cha uji kimechukua saa nzima. Sheria: mezani hatuzungumzii chakula wala mwili. Basi nazungumzia duka mpaka nakauka. Leo nimeeleza tofauti ya pilipili manga ya Bundibugyo na ya Zanzibar. Rehema kasema, "Baba, naomba nimalize uji ili unyamaze." Mama yake kacheka mpaka akashika meza.
Jana alimwaga maziwa nyuma ya nyumba. Ni hivyo. Siku moja juu, siku moja chini.

Jumatano, 16 Julai
Nimemwomba Rehema ruhusa, amenipa. Nimewaambia watoto wa madrasa: nilimsifu dada yenu kwa kufunga. Nilikosea. Alikuwa mgonjwa, nami sikutazama. Walinikodolea macho. Hawajazoea maalimu kukosea.
Baadaye mama mmoja alibaki mlangoni. Ana binti sekondari. Alianza kueleza, akashindwa. Nimempa namba ya Musawo Nakato.

Jumapili, 17 Agosti
Mvua tangu adhuhuri. Mapigo yamepanda, Musawo ameridhika. Uzito hatuambiwi, anapimwa akiwa ameipa mizani mgongo. Bado analia baada ya kula. Hedhi bado. Chuo atarudi muhula ujao, au ule mwingine.
Leo alasiri tulikuwa barazani, sisi wawili. Akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayekiri wizi: "Baba, nina njaa."
Mama yake jikoni aliacha kuosha vyombo, kisha akaendelea, kwa kelele zaidi. Nilileta chapati na chai ya maziwa. Alikula nusu, polepole, akitazama mvua. Nusu iliyobaki akanisogezea. Nikaila.