Mto Uitwao Huzuni

Mitunguu,
Jumapili, 16 Juni 2024.

Kaka yangu Marete,

Pokea salamu zetu za nyumbani. Natumaini wifi na watoto wako wazima, na kifua chako kimepata nafuu. Sisi tupo kwa neema ya Mungu, ingawa tangu tumzike Mama hatupo sana.

Mke wa ndugu yetu Koome amejifungua msichana. Kwa desturi yetu angeitwa Kiende, jina la Mama. Lakini Koome anasema ulimpigia simu ukamkataza, ukamwambia aliyemuua Mama kwa ujinga hawezi kumzaa upya. Mtoto ana wiki tatu na bado anaitwa "baby" tu. Koome mwenyewe amekonda kama ufito.

Juzi nilikuwa nafundisha Kidato cha Pili kuhusu mto Huang He. Msichana mmoja akauliza kwa nini uitwe Huzuni ya China, ilhali Wachina wenyewe huuita Mto Mama. Nikamjibu kama ninavyojibu kila mwaka: unawalisha, lakini hubeba tope, tope hutuama na kuinua sakafu ya mto, watu huongeza matuta, mto nao hupanda, hadi siku tuta linapopasuka na maji kuwashukia. Sikumaliza. Niliwaambia wasome wenyewe, nikaenda kulia nyuma ya stoo.

Kaka, Mama alikataza tusiguse matete na nduma zinazoshika udongo ukingoni mwa mto wetu, na Koome alimtii. Ni mimi niliyekitamani kile kipande cha shamba kwa ajili ya migomba. Ni mimi niliyemwambia ang'oe matete, ajenge tuta la udongo, kwani Wachina wamezuia mto wao kwa matuta tangu enzi za mababu. Lile jina la huzuni sikumtajia. Nililijua, nikalimeza kwa tamaa. Mvua za Aprili zilipolipasua tuta, maji yalianzia jikoni kwa Mama.

Kwenye kikao baada ya mazishi ulipomuuliza Koome ni nani aliyemshauri, alinitazama, akanyamaza. Nami nikanyamaza, mwalimu mzima, nikakuacha umtukane mbele ya wazee.

Mwache mtoto aitwe Kiende. Sikuombi umsamehe Koome, hana kosa. Ila akijaliwa wasichana wengine, nimemsihi asimpe hata mmoja jina langu.

Wifi na watoto nawasalimu sana. Ukishindwa kunijibu, nitaelewa.

Ni mimi dada yako,
Kawira.