Mwendo Umewekwa na Nani

Mwalimu Gwakisa,

Bado nabeba magunia ya mpunga pale mashineni Kyela. Mgongo ni uleule, na Dodoma kwetu sijarudi. Kilichobadilika ni kwaya yako.

Siku ya kukuzika tulikuangusha. Tulianza taratibu kando ya jeneza, kama ulivyotufundisha. Halafu wanaume wakaanza ngoma ya msiba huko migombani, ikatuvuta. Ubeti wa mwisho tuliuimba mbio, kama watu wanaokimbia mvua. Nikatazama mahali ulipozoea kusimama ukituongoza. Sijui kwa nini nilitazama.

Baada ya hapo vijana wakaleta kinanda cha umeme kinachojipigia ngoma, eti chenyewe hakikosei. Mama Atupele wa sauti ya pili akashindwa kukifuata, wakamwambia anatuchelewesha. Alijifunga khanga akasema, "Iambieni mashine yenu sisi wengine tunavuta pumzi." Akaondoka. Wamama wenzake wakaanza kumfuata, mmoja mmoja. Nikaona kwaya nayo inakufa.

Ndipo nikakumbuka siku uliyokuja kukoboa mpunga. Mimi niliyeishia darasa la nne nilidhani wimbo wa haraka una mapigo mengi zaidi. Ukacheka. "Beba hilo gunia, baba, tembea." Nikatembea. "Sasa kimbia." Nikakimbia, pumba zinaniingia machoni. "Je, miguu imeongezeka?" Wapi, ni miwili tu. Ukasema basi hayo ndiyo mapigo, moja zito, moja jepesi. Haraka yangu ndiyo mwendo. Na mdundo ni ule mwili unavyoyumba juu ya hatua, kila mpagazi na wake. Wenzangu walinizomea wiki nzima, lakini nilielewa.

Basi nikawaambia vijana: kinanda hakijakosea mapigo, na Mama Atupele hajakosea pia. Ni mwendo tu, na aliyeuweka hakumuuliza mwimbaji yeyote. Walinuna. Nikaenda kwa Mama Atupele, naye akaja amenuna kuwazidi.

Aliimba peke yake, kwa pumzi yake. Sisi tukamfuata kwa makofi, na kijana wa kinanda akawa anabonyeza, anapunguza, anapunguza tena, mpaka kinanda kikapatana naye. Mama Atupele akanyamaza katikati ya mstari. "Kumbe sikuwa nachelewa," akasema. Halafu akalia, na sisi pia. Nadhani tulikuwa tunakulilia wewe. Siku ya mazishi hatukupata nafasi, tulikuwa tunakimbia.

Jumapili wamama wote walikuwepo. Wimbo ulikuwa mrefu, watoto wakasinzia, na hakuna aliyeachwa nyuma.

Pumzika, Mwalimu. Ndaga fijo, asante sana kwa kunifundisha mimi mtu wa kuja. Nikibaki hapa au nikirudi kwetu, sitamwambia mtu kwamba amechelewa kabla sijauliza mwendo umewekwa na nani.

Yohana, wa sauti ya nne