Mtiwa Mafuta wa Turffontein

Jumanne, 8 Mei 2012
Zamu ya mchana tena, ulinzi wa geti, Randburg. Chuma cha geti juu, chuma chini. Magari yanapita na hakuna dereva anayejua jina langu. Miaka sita sasa. Lubumbashi nilikuwa msaidizi wa mhadhiri, historia ya fikra za siasa. Tasnifu yangu ilihusu wale waandishi wa Ulaya ya zamani waliofundisha kwamba mfalme huwekwa na Mungu, na hajibu kwa mtu yeyote ila Mungu. Kurasa mia mbili. Hapa hazifungui hata geti.

Jioni Mchungaji Elie wa kanisa letu alipiga simu. Anataka nimwandikie mafundisho manne juu ya mamlaka. "Profesa, ni wewe uliyesoma haya mambo." Profesa. Naona aibu jinsi nilivyofurahi.

Jumapili, 13 Mei
Nimejua sababu ya ile simu. Katiba ya kanisa inasema mchungaji huchaguliwa kila miaka mitatu. Muda umepita. Tantine Mwamini, shangazi wa kanisa zima, alisimama wakati wa matangazo, akauliza uchaguzi ni lini. Kwa heshima, mikono ameifunga mbele. Ana haki ya kuuliza. Kanisa hili lilianzia sebuleni kwake, hapa Turffontein, katikati ya cherehani. Mchungaji akatabasamu. Bwana atasema, akajibu.

Riziki, mke wangu, anashona kwa Tantine. Sijamwambia kuhusu ile simu.

Alhamisi, 17 Mei
Nimemaliza. Siku nne, kibandani, kati ya gari na gari. Sijaandika vizuri hivi tangu nitoke nyumbani. Mfalme ni baba, na watoto hawampigii baba kura. Adamu alitawala bila kuchaguliwa. Daudi alimkuta Sauli pangoni, akamwacha hai. Mfalme akikosea, raia hana silaha ila machozi na maombi. Yote yamo katika vitabu vile.

Na mengine yamo. Kwamba mfalme hula kiapo. Kwamba akiamuru dhambi asitiiwe. Kwamba hukumu yake mbele za Mungu ni nzito kuliko ya raia wake wote. Nusu hiyo sikuiandika. Nilijiambia nafasi ni ndogo. Uongo. Nilijua msomaji wangu anataka nini.

Jumapili, 27 Mei
Amehubiri. Neno kwa neno. Watu walisimama juu ya viti. Mimi safu ya tatu, nasikia sentensi zangu katika kinywa cha mtu mwingine. Tamu. Nikiri hapa, maana sitakiri kwingine.

Mwishoni akatangaza kwamba hakuna uchaguzi tena. Mungu amemwonyesha kuwa baada yake atakuja mwanawe, Ruben. Hilo sikuliandika mimi. Lakini linatoka moja kwa moja katika niliyoandika. Ruben ana miaka ishirini na miwili. Vigelegele vilipopigwa alikuwa anatazama simu yake.

Jumatatu, 28 Mei
Riziki ameliona daftari nililoandikia mafundisho.
"Baba Amani, huu ni mwandiko wako."
Nikasema ni nadharia tu, ya watu waliokufa zamani.
"Tantine hajafa," akasema.

Jumapili, 10 Juni
Tantine Mwamini aliuliza tena. Safari hii katiba mkononi. Mchungaji hakutabasamu. Akafungua karatasi zangu, ukurasa wa tatu, akasoma kuhusu wanaomnyooshea mkono mtiwa mafuta wa Bwana. Kisha akamtenga. Asisalimiwe. Asipelekewe nguo kushona. Na harusi ya Noela, binti yake, iliyopangwa Agosti, haitafungwa kanisani.

Noela alikuwa kwenye kwaya. Alivua joho, akalikunja vizuri, akamfuata mama yake.

"Kuna anayepinga?" Mchungaji akauliza.
Riziki akasimama. Peke yake.
Mimi nilitazama viatu vyangu.

Mei 2008, wageni waliposhambuliwa tukakimbia kutoka Alexandra, tulikuwa na mtoto na blanketi moja. Milango mingi ilifungwa. Mwamini alifungua wake. Wiki saba tulilala chini ya meza yake ya kukatia vitambaa. Naandika hili ili nilione kwa macho yangu.

Jumamosi, 16 Juni
Sikukuu. Sikwenda kazini. Kwa Tantine kimya. Wateja wake karibu wote walikuwa wa kanisa. Riziki analala chumba cha watoto. Ananipa chakula, hanipi maneno.

Nikaenda kwa Mchungaji kuomba harusi ya Noela ifungwe kanisani. Alinipokea vizuri, chai na maandazi.
"Mchungaji, nilichokuandikia ni nusu. Wale wale waliosema raia atii, walisema pia mfalme atatoa hesabu."
"Kwa nani?"
"Kwa Mungu."
"Basi tuachie sisi wawili, mimi na Mungu." Akacheka, akaniongezea chai.

Ilikuwa hoja yangu mwenyewe. Chai nikainywa yote.

Jumapili, 24 Juni
Niliomba kutoa ushuhuda. Wakanipa kipaza sauti bila wasiwasi, mimi ni mtu wao.

Nikasema mafundisho yale manne niliyaandika mimi. Nikasema niliacha nusu kwa makusudi. Nikawakumbusha Samweli alivyowaonya Waisraeli walipodai mfalme: atawachukua wana wenu, atawachukua binti zenu, na mtalia. Nikasema kila mmoja humu alikimbia nchi yenye mtu asiyeulizwa maswali, na sasa tumejijengea nchi kama ile, ndogo, hapa Turffontein.

Kipaza sauti kikazimwa. Nikaendelea kidogo kwa sauti yangu. Haikufika mbali. Mashemasi wawili wakanishika mikono, wakanitoa nje polepole, kama anavyoshikwa mgonjwa. Mmoja akanong'ona, "Eish, Profesa, umeharibu."

Nilidhani watatoka angalau wawili, watatu. Hakutoka mtu. Sikufika hata kwenye robot ya kwanza, taa za njia panda, nyimbo zikaanza tena.

Sikuwadanganya mimi. Walitaka baba tangu mwanzo. Nilichowapa ni maneno tu. Nimejaribu kujifariji hivyo. Haifanyi kazi.

Ijumaa, 6 Julai
Mlinzi mwenzangu, Mkongo mwenzangu, anasali kanisa jingine. Leo kaja na kijitabu. Mafundisho yangu manne, yamechapwa, yanasomwa mpaka Durban. Jina juu ni la Mchungaji. Akanisihi nisome. Yatakusaidia, akasema.

Kitu pekee nilichoandika maishani ambacho watu wanakisoma.

Jumamosi, 4 Agosti
Noela ameolewa. Ndoa waliandikisha Alhamisi, ofisi ya serikali. Leo chakula, uani kwa mama yake. Watu kumi na tisa. Baridi, lakini jua lilikuwepo. Bukari, yaani ugali wa kwetu, sombe ya majani ya muhogo, kuku. Riziki ndiye aliyeshona gauni. Limemkaa vizuri sana yule binti.

Nilikaa karibu na ukuta. Tantine Mwamini akaja na sahani yangu.
"Nimekusamehe kwa ajili ya Riziki," akasema. "Si kwa ajili yako."
"Ndiyo, Tantine."
"Kula. Inapoa."

Nikala. Baadaye nikakusanya vyombo, nikaosha kwenye bomba la nje. Maji yalikuwa baridi mpaka vidole vikafa ganzi. Riziki akaja na kitambaa, akasimama pembeni yangu, akaanza kukausha. Vyombo vilikuwa vingi.