Picha ya Kidole Changu Iko kwa Bikira

Ña Perpetua mpendwa, wewe unayewashauri watu gazetini, nakushika miguu unisaidie. Mimi ni mpiga kinubi hapa Villarrica, na majuzi nilikuwa nakanda unga wa mikate ya chipa, unga tu, si zege, mara kidole cha kati kikavunjika, picha ya eksirei ikaonyesha uvimbe ndani ya mfupa, daktari akauchokoa akatoa kipande, akanipa kichupa pamoja na ile picha nivipeleke mwenyewe maabara Asunción, ila mama yangu alishaweka nadhiri, akaichukua picha akaitundika kwa Bikira Maria, kwenye kanisa lake kule Caacupé, nami nikaona picha ya nini tena, si mfupa wenyewe wanao, nikapeleka kichupa peke yake. Jana jibu limetoka: saratani ya gegedu, kidole kikatwe Alhamisi. Daktari anaulizia picha, mama anasema, "Cha Bikira hakirudishwi, unataka atugeuzie mgongo?" Mume wangu Arnaldo anasema, "Wakate tu, mimi nilioa mke, sikuoa kinubi," halafu akatoka uani kulia akidhani simsikii. Mkasi uko mezani, nikate kucha zangu za kupigia kinubi, au nifanyeje?

Zunilda

Zunilda binti yangu, pole sana, na sasa nikugombeze. Kichupa peke yake? Nimempigia daktari wa mifupa ninayemwamini, naye kashtuka kuliko mimi. Anasema uvimbe wa gegedu kidoleni, hata usio na madhara, ukitazamwa kwa hadubini unatisha, seli zimejazana utadhani saratani. Ungetoka kwenye nyonga, wangekuwa na haki ya kuogopa. Kinachoamua ni picha: umebaki ndani ya ganda la mfupa, au umelitafuna ukaingia kwenye nyama? Wa maabara hakuiona. Na picha mpya haitatosha, mfupa umeshachokolewa.

Mimi si daktari, sikuahidi kitu. Lakini kidole hakikatwi kwa nusu ya habari. Kesho asubuhi panda basi uende Caacupé na mama yako, akaongee na padri yeye mwenyewe. Na wewe mama, najua unasomewa hii: Bikira naye ni mzazi, mwombe akuazime picha yake. Daktari asogeze Alhamisi mpaka maabara watazame picha na kipande kwa pamoja. Wakisema tena ni saratani, kubali, nami nitakuja kukaa nawe hospitalini. Wakisema siyo, uvimbe utakwanguliwa, mfupa utajazwa, na picha itarudi kwenye msumari wake.

Huo mkasi urudishe kwenye droo.