Najua Kuendesha, Sijui Kusimama

Jumatano, mwezi wa saba. Upepo.

Upepo wa leo ni ule wa Singida wenyewe, unaoanza jua halijakaa vizuri na kukujaza vumbi mdomoni mpaka ukisema neno linakwaruza. Nimekaa nje ya chumba chetu hapa Iguguno, mguu mmoja nimeunyoosha juu ya ndoo, goti limeumuka kama andazi. Simu ina chaji kidogo. Naandika haraka, kabla haijazima au kabla sijaona aibu.

Nyinyi wachache mnaonisoma mnajua nimeanza kuendesha baiskeli. Nilijisifu hapahapa, nikasema nimeweza. Leo naomba nirekebishe. Nimeweza katikati. Mwanzo na mwisho bado.

Baiskeli ni ya mume wangu, Elia. Alipokwenda Manyoni kufanya kazi ya gereji aliniachia, akasema itanifikisha shambani. Ni ile ndefu ya kiume, yenye bomba linalokatiza mbele kana kwamba limewekwa pale kumuuliza mwanamke anatafuta nini huku juu. Nikipanda navaa suruali ya Elia, kitenge nakifunga juu yake, na heshima yangu naifunga humohumo.

Kiti nacho kiko juu sana. Fundi baiskeli wa hapa senta alijaribu kukishusha. Kumbe bomba la kiti limeshika kutu. Akaligonga, akalimwagia mafuta ya taa, akaligonga tena, kisha akanitazama miguu kwa muda mrefu.

"Dada, hiki kimegoma. Labda urefuke wewe."

Sijarefuka. Kwa hiyo nikikaa juu, miguu haifiki chini, na safari zangu zote zinaanzia juu ya kitu. Jiwe la mbele ya duka. Ukingo wa kalavati. Kichuguu. Napanda pale, naweka mguu mmoja kwenye pedeli, naomba, najisukuma. Kusimama natafuta mwinuko wenye mchanga mwingi, mahali ambapo baiskeli itachoka yenyewe, halafu naruka. Breki zipo, tena zinashika vizuri. Nikizibana baiskeli inasimama palepale, mimi naendelea.

Mtu akiniona katikati ya safari atadhani nimezaliwa juu ya kile kiti. Najipa matumaini kwamba hivyo ndivyo wengi wetu tunavyoonekana.

Shida ni wazee.

Huku kwetu mzee hasalimiwi kutoka juu ya baiskeli. Unashuka. Unasimama, unashika usukani kwa mkono mmoja, unasema shikamoo, unasubiri marahaba, unaulizwa watoto wa watu na mifugo ya watu, unaruhusiwa kwenda. Wanaume wanashuka hata wakiwa na gunia la alizeti kwenye keria. Sasa mimi nikishuka kwenye tambarare ndiyo nimeshuka. Hakuna jiwe, hakuna kichuguu. Nakokota baiskeli mpaka nipate pa kupandia, na mbele kidogo tu anatokea mzee mwingine. Mwanzoni nilitafuta mchanga mapema nikaruka, kwa kila mmoja wao. Nilikuwa nafika shambani kwa miguu, baiskeli ikiwa imenisindikiza.

Ndipo nikabuni njia yangu. Nikimwona mzee kwa mbali naanza kupaza sauti mapema, shikamoo babaa, shikamoo mamaa, ili nikimfikia iwe imeshamfikia. Nilidhani wataelewa kuwa najifunza. Lakini mzee aliyesimama pembeni ya njia haoni mtu anayejifunza. Anaona mwanamke mzima anampita mbio na vumbi lake. Jirani aliniambia wameshaipa jina, wanaiita shikamoo ya kurusha. Nilicheka. Niliona ni jina zuri.

Leo nimemrushia baba mkwe.

Niwaeleze huyu mzee ni nani kwangu. Tulipooana alitupa kiwanja nyuma ya nyumba yake, na msingi aliuchimba mwenyewe kwa jembe. Tukakaa kwake, tukasubiri matofali. Halafu mimi na Elia tukaamua kupanga hapa senta, karibu na barabara, ili cherehani yangu ipate wateja. Mzee hakugomba. Angegomba tungejua pa kushika. Alinyamaza, na tangu siku hiyo mimi nasemeshwa kupitia mama mkwe, hata tukiwa tumekaa watatu, sahani moja ya karanga katikati yetu.

"Mwambie chai imetosha."

Mama mkwe ananigeukia. "Chai imetosha."

"Sawa, baba."

"Amesema sawa."

Ni kweli kwamba mkwe na mke wa mwanawe huku hawana maongezi mengi. Lakini "habari za shamba" zilikuwapo. "Umeamkaje" ilikuwapo. Na Elia naye ameingizwa humohumo. Akija likizo anakwenda kumsalimia baba yake, anarudi, anakaa kitandani muda mrefu bila kuvua viatu. Simuulizi. Najua alichoambiwa, kwa sababu hajaambiwa kitu.

Njia ya shambani kwangu inapita mbele ya nyumba yao, chini ya kiteremko. Siku zote mzee akisikia kengele yangu anaingia ndani. Leo asubuhi nilipofika juu ya kiteremko nikamwona amesimama njiani. Amevaa koti, na kofia. Nikajua anasubiri mtu.

Halafu akainua mkono.

Hakupunga. Ulikuwa ni mkono wa kusimamisha, kiganja mbele, kama anayesimamisha basi. Nyuma yake hapakuwa na mama mkwe. Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Alikuwa ananisimamisha mimi.

Nilikuwa nimeshaanza kuteremka, upepo mgongoni. Nashangaa jinsi kichwa kinavyopata nafasi ya kufikiri mambo mengi wakati mikono haifanyi hata moja. Niliwaza breki. Niliwaza nikibana breki nitamwangukia mkwe wangu miguuni, kitenge kikiwa shingoni, na hiyo nayo itahitaji kikao cha ukoo. Niliwaza kichaka, kichaka kilikuwa upande wake. Mdomo, ambao haukungoja amri ya mtu, ukafanya ulichozoea.

"Shikamoo babaaa!"

Na kengele nikapiga. Sijui kwa nini nilipiga kengele.

Nilimpita karibu kabisa. Mdomo wake ulikuwa umefunguka. Neno lilikuwa limeshaanza kutoka, nikalipita.

Kugeuka siwezi, nikigeuka naanguka. Kwa hiyo niliendelea, shingo imenyooka, macho mbele, na nikifikiria sasa nilivyoonekana kwa nyuma naona ni mtu yuleyule wanayemsema, mwenye maringo yake. Nilisimama mbali, kwenye mchanga wa karibu na shamba la mihogo. Nikaigeuza baiskeli, nikairudisha kwa kukimbia nayo. Nilipofika njia ilikuwa tupu.

Mama mkwe alikuwa uani, anapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo. Nilimwamkia. Akaitikia bila kuacha kazi.

"Baba yupo?"

"Yupo. Amelala."

Ndani kulisikika mtu akikohoa, kikohozi cha mtu aliye macho kabisa.

Mama akaweka fimbo chini. Akaongea kwa sauti ya juu kuliko kawaida, na kwa Kiswahili, wakati pale nyumbani tunaongea Kinyiramba. Nilielewa kwamba ametumwa, na kwamba maneno haya si yake.

"Anasema ameona mtu amepita na baiskeli. Hakumfahamu."

Nimesemwa mambo mengi tangu niolewe. Hili sijui pa kuliweka.

"Ni mimi, mama. Sikuweza kusimama."

"Hukuweza?"

"Sijui kusimama. Kuendesha ndiyo najua."

Alinitazama, akaitazama baiskeli, akanitazama tena. "Mwanangu, mtu anajuaje kwenda, asijue kusimama?"

Nikageukia dirisha, nikasema baba, naomba unisamehe, sikukudharau, miguu haifiki chini. Nikasikia nilivyosikika. Mtu mzima analiambia dirisha habari za miguu yake. Dirisha halikusema kitu. Kikohozi nacho kilikuwa kimekwisha.

Mama akanisogelea, sasa kwa sauti ya chini na kwa lugha yetu. Akasema mzee ameamka mapema, amenyoa ndevu, ameomba koti lake. Mzee akamuuliza yeye, mama, huwa napita saa ngapi. Akatoka, akasimama njiani na upepo huu wote, na alipoletewa kiti akakikataa.

"Alitaka kusema nini?"

"Mimi haniambii. Ningekuwa naambiwa, unafikiri ningekuwa nimenyamaza hivi?"

Ikabidi niondoke. Na hapa ndipo siku iliponimaliza, maana uani kwao ni tambarare, pamefagiliwa, hakuna hata tofali. Yangekuwapo matofali ya nyumba yetu ningesimama juu yake. Nikakokota baiskeli nzima, isiyo na pancha, nikijua labda nyuma ya lile dirisha kuna macho. Sijui yaliona nini. Labda yaliona kwamba kweli sijui. Labda yaliona mtu aliyepita akiruka asubuhi, sasa anajifanya hawezi hata kupanda.

Mchana nilimpigia Elia. Nilianza kumsimulia kama kichekesho, maana mimi ndiyo kazi yangu, na alicheka mpaka nilipofika kwenye mkono.

"Mzee aliinua mkono?"

"Aliinua."

"Kukusimamisha wewe?"

"Mimi, Elia."

Nilisikia watu wa gereji wakigonga chuma.

"Na ukapita."

"Nikapita."

Hakunilaumu. Alisema tu kwamba amewahi kukaa siku nzima pale uani akisubiri baba yake aseme chochote, hata tusi. Kisha akaniuliza koti lilikuwa lipi. Nikamwambia lile la kahawia. Akasema hilo analivaa akienda kwenye posa na kwenye misiba. Simu ikakatika, au aliikata.

Jioni nilikwenda kwa fundi, nikamwambia anifundishe kusimama, leoleo. Alifunga kibanda mapema, tukaenda uwanjani. Tangu lini fundi akafunga mapema, nadhani aliona sura yangu. Kumbe kusimama kuna utaratibu wake. Unabana breki kidogokidogo, hukamui kama nguo. Kabla baiskeli haijasimama unateleza mbele kutoka kwenye kiti, mguu mmoja unabaki kwenye pedeli ya chini, mwingine unautanguliza ardhini. Ameeleza vizuri. Kichwa kimeelewa. Kila mara nilipofika kwenye kuteleza, mwili ulikumbuka lile bomba, ukakataa. Nilianguka kulia. Nilianguka kulia tena. Nilianguka kushoto, fundi akapiga makofi, akasema, "Angalau umebadilisha."

Ndiyo habari ya hili goti.

Nimewaza kwenda kesho kwa miguu. Ingekuwa rahisi. Lakini namjua yule mzee. Nikija kwa miguu atajua nimekuja kwa ajili yake, na akijua umekuja kwa ajili yake anaingia ndani, na ukiingia uani unarudi kwenye "mwambie, mwambie." Njiani ndipo mahali pekee ambapo mama mkwe hayupo katikati yetu. Njiani, mimi natakiwa niwe napita zangu, na yeye ndiye awe amenisimamisha. Nadhani hata yeye aliwaza hivyo, alipokuwa ananyoa ndevu. Alipanga vizuri. Alikosea kitu kimoja tu, alidhani mtu anayekwenda anaweza kusimama.

Na sijui hata neno lenyewe lilikuwa nini. Inawezekana alitaka kunifukuza kabisa. Inawezekana alitaka tu kuniambia kuku wangu walioachwa kule wanakula mboga zake. Ningelipokea lolote.

Chaji imebaki kidogo sana. Nimeamua hivi. Kesho napita saa ileile, juu ya baiskeli, na kengele nimeifunga kwa kitambaa. Akiinua mkono nitabana breki zote mbili. Kushuka bado sijui, kwa hiyo nitaanguka, na upande nimeshauchagua, kushoto, mbali na miguu yake. Nikiwa hapo chini nitamwamkia vizuri, nitulie, nisubiri marahaba.

Hilo nimelipanga. Ambalo sijalipangia, na nimekaa nalo hapa tangu jua lilipozama, ni hili: asipouinua mkono je?